Jina Lililozungushiwa Wino Mwekundu

Majengo, Songea
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mwanangu Skolastika,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho stendi, mbele ya watu, kwa hiyo hapa sizipotezei nafasi. Nimefunga mlango wa duka nikaacha dirisha wazi ili nione ninachoandika. Wewe uko Mjimwema unawaaga shangazi zako, na ninavyowajua, hawatakuachia kabla jua halijashuka. Nina kama saa tatu hivi. Mama yako amesema nisirudi nyumbani bila barua hii, na safari hii hakusema kwa utani.

Habari ya chandarua, ya dagaa wa Nyasa aliokufungia, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo mama yako atayasema na atayarudia, usimkatize. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni miaka tisa.

Ijumaa Bi Zuhura alikuja hapa dukani na ule mfuko mweusi wa laptopu yake. Akauweka juu ya meza yangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akajifuta jasho. Akasema, "Fundi, hii naitoa. Skola anakwenda chuo kusomea mambo haya haya, aanze na hii. Betri imekufa, lakini ukichomeka ukutani inachapa kazi kuliko mimi."

Nikaanza kumshukuru, unanijua nikianza. Akaninyooshea kidole.

"Sijamaliza. Huyo mwanao wiki ya kwanza tu atatafuta bisibisi aifungue aone tumbo lake, maana kakufuata wewe. Na ndani unajua kuna nini. Sitaki alikute lile jina akiwa ugenini peke yake. Nimekusubiri sana, fundi. Sasa umebakiwa na siku tatu."

Akajifunga khanga vizuri akaondoka. Mimi huyu, domo kaya wa Majengo nzima, nikabaki naangalia mfuko.

Sasa nikueleze yote, hata yale unayoyajua, maana nataka uyasikie kutoka kwangu. Ulikuwa darasa la tano tu, na mengine yalipita juu ya kichwa chako.

Wewe unamjua Bi Zuhura kama mama aliyekufundisha kupiga chapa. Mimi namkumbuka alivyokuja siku ya kwanza. Alikuwa karani mpiga chapa wa ofisi, kisha ofisi zikaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake wengi walirudi vijijini kulima. Yeye hakurudi kijijini kwao Namasakata. Alichukua kiinua mgongo chake, baba yake mzee akauza korosho za msimu mzima akamwongezea, na mpwa wake aliyekuwa anafanya biashara Dar akamletea kompyuta ya kukunja, mpya, kwenye boksi lake. Mjini kwetu wakati ule hata wakubwa wengi walikuwa hawajaigusa. Watu walimcheka, mwanamke mzima ananunua kitabu cha umeme. Lakini alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Umeme wetu ulikuwa wa jenereta, leo upo, kesho hakuna mafuta. Wapiga chapa wengine umeme ukikatika walikunja mikono. Yeye alikuwa na betri. Barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi, vyote vikahamia kwake. Akapanga chumba hapa Majengo, akaweka kibao. Korosho za baba yake zote zilikuwa ndani ya chombo kile, na yeye alilijua hilo kila alipokifungua asubuhi.

Miezi minne, ikazimika. Umeme ulirudi kwa kishindo siku moja, ikazimika na haikuwaka tena.

Ilikuwa na garantii. Kadi yake alikuwa ameiweka ndani ya Msahafu, isipotee. Wakala wa Dar alimwandikia aitume, wao wataipeleka kwa watengenezaji wenyewe ng'ambo, itarudi nzima bila gharama, kwa sharti kwamba haijafunguliwa na mtu mwingine yeyote. Ndipo akaileta kwangu. Hakuileta niitengeneze, alitaka niifunge. Nilikuwa na sifa ya kufunga vyombo vya kusafiri: gazeti kwanza, majani makavu ya mgomba, boksi, kisha mfuko wa sandarusi unaoshonwa kwa sindano ya magunia. Redio nilizofunga mimi zilifika Dar bila kupasuka hata kioo.

"Basi la Dar linaondoka Jumamosi," aliniambia. "Na usiifungue, fundi. Karatasi imekataza."

"Mimi? Niifungue ya nini?"

Skola, nilikuwa fundi wa kila kitu. Redio, santuri, pasi, saa za ukutani, nilikuwa sijawahi kumwambia mteja kwamba hiki sikijui. Nikikwama nilimwambia spea hakuna, arudi wiki ijayo. Sasa chombo hicho kimelala juu ya meza yangu siku mbili, na mimi natakiwa nikishonee gunia kama tumbaku. Iliniuma. Ilinikera hasa kwamba kuna mtu mahali fulani ataifungua na mimi sitaiona.

Ijumaa ile mvua ilinyesha, wateja hakuna, umeme umekatika. Ukaja kutoka shule umelowa chapachapa, soksi mkononi. Nikakwambia, "Skola, njoo unishikie tochi."

Juu ya skrubu moja kulikuwa na stika ya kung'aa. Niliibandua kwa mvuke wa birika, polepole, haikuchanika hata ncha. Nikafungua. Redio ukiifungua unaona vitu unavyovijua, hiki na kile, unavisalimia kwa majina. Humo ndani niliona mji mzima ambao sina ndugu hata mmoja. Ningefunga pale pale ningekuwa mtu mwerevu. Lakini pembeni niliona kitu kidogo kimeungua, cheusi, nikasema aha, kumbe ni wewe.

Nikachukua kinachofanana nacho kutoka kwenye redio mbovu. Nikapasha moto chuma cha kuchomea risasi kwenye jiko la mkaa, kile kikubwa cha kuungia waya za spika, maana kidogo sikuwa nacho. Kilikuwa kinene mno kwa kazi ile na kilikuwa na moto mno. Nilipogusa tu, ule mstari wa shaba chini yake ukanyanyuka kama ganda la kitunguu, ukakatika. Nikajaribu kuurudisha. Ukakatika na wa pili.

Ukaniuliza, "Baba, imepona?"

Nikakwambia, "Shika tochi vizuri." Mkono wako haukuwa umetikisika hata kidogo.

Nikafunga. Skrubu zote mahali pake, stika nikaibandika kwa gundi yako ya shule, nikaifuta kwa shati. Mtu asingejua. Nilijisifu moyoni, tazama ulivyo mjinga.

Sasa kuna jambo unalolijua wewe kuliko mtu yeyote. Kule misheni nilikojifunzia kazi, Bruda aliyetufundisha alikuwa na sharti moja: ukimaliza kutengeneza chombo, kabla ya kurudisha kifuniko, andika jina lako ndani na tarehe, ili atakayekifungua baada yako ajue nani alipita. Nimefanya hivyo tangu nikiwa kijana. Wewe ulijifunza kusoma kwa jina langu, ndani ya redio za watu. Kalamu ya wino mzito hukaa mfuko wa shati, mkono unaichukua wenyewe, kichwa hakiulizwi.

Jumamosi Bi Zuhura alikuja tukashona gunia pamoja. Akaniuliza, "Hujaigusa, fundi?"

"Sijaigusa, Bi Zuhura. Muulize Skola."

Ukainamisha kichwa ukaendelea kunishikia kamba. Hapo ndipo nilipokuingiza, mwanangu. Kwa neno jepesi tu, kama utani.

Kesho yake tukaenda kanisani. Tukafika pale pa kujipigapiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Ngumi yangu ikagonga ile kalamu mfukoni. Watu wakakaa, mimi nimesimama. Mama yako akanivuta koti, "Vipi wewe?" Nilikuwa nimekumbuka. Nilikuwa nimeandika. *Fundi Osmundi, Majengo, Songea*, na tarehe, kwenye bati la ndani, kwa hati ile ninayokokota mkia wake. Na wakati huo gunia lilikuwa limekwishafika Dar.

Nikajipa moyo. Nikasema huko ng'ambo watajuaje Osmundi ni nani, labda watadhani ni jina la kiwanda. Jina langu likapanda ndege, mimi mwenyewe mpaka leo sijapanda.

Ilikaa huko karibu miezi miwili. Bi Zuhura aliazima taipu kuukuu inayoruka herufi, akawa anaongezea kwa mkono. Wateja wakaanza kupungua. Kila akipita hapa: "Fundi, unadhani bado sana?" Nami namjibu, "Mambo ya kiwandani yana taratibu zake, Bi Zuhura, vuta subira." Mwongo mkubwa mimi. Ningeweza kumwambia siku yoyote kati ya zile. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi, na hilo hakuna aliyekuwa amenifundisha.

Siku aliyokuja nayo ulikuwa umekaa pale pembeni unafanya hesabu za shule. Ukamwamkia shikamoo, akaitika vizuri. Akaweka boksi mezani. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Imerudi," akasema. "Wameikataa. Ifungue, fundi. Sasa hakuna cha kuharibu."

Nikachukua bisibisi. Stika ilikuwa haipo tena. Nikafungua skrubu moja moja, nikainua kifuniko. Jina langu lilikuwa pale. Mtu wa kiwandani alikuwa amelizungushia wino mwekundu, duara safi kabisa, kama mwalimu anayeonyesha kosa.

"Hilo ni jina la nani?" akaniuliza.

Nimejaribu siku hizi tatu kukumbuka nilikuwa nafikiri nini, nikupe japo sababu. Sina. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Huyu mtoto, Bi Zuhura. Mimi nilitoka kwenda kununua kamba, narudi nakuta ameifungua, anachezea. Ana tabia ya kuniigiza, anaandika jina langu kila mahali. Nikaogopa kukwambia."

Ukainua macho kwenye daftari. Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukashuka kwenye kiti, ukaenda mbele ya Bi Zuhura, ukapiga goti.

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe."

Miaka kumi na moja, Skola. Mimi nilikuwa na thelathini na nane.

Bi Zuhura alikushika mkono akakuinua. Kisha akasema, "Basi. Aliyeniharibia kazi atakuja kunisaidia kazi. Kila siku ukitoka shule, uje kwangu." Akabeba boksi lake akaenda. Wewe ukarudi kwenye hesabu zako. Nami nikajifanya natafuta fyuzi chini ya meza, nikakaa huko chini muda mrefu.

Hayo uliyaona. Yanayofuata huyajui, na ndiyo hasa yaliyonifanya nifunge mlango leo.

Nilikaa siku kumi na moja. Jioni nakuona unarudi kutoka kwake na vidole vyeusi vya wino wa taipu, huniambii neno, unaniwekea maji ya kunawa kama kawaida. Laiti ungenuna! Siku ya kumi na mbili nikafunga duka mchana, nikaenda kwake. Wewe ulikuwa shule. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Bi Zuhura, ni mimi niliyefungua. Mtoto alishika tochi tu."

Akasema, "Alhamdulillahi. Karibu ukae."

Nikashangaa. Akacheka, kicheko cha kuchoka. "Fundi Osmundi, mtoto wa darasa la tano ana hati ya kukokota mkia namna ile? Nimepiga chapa barua za mabwana wakubwa miaka kumi na nne, hati za watu nazijua. Nilijua tangu nisome jina lako kwenye barua ya Dar."

"Mbona hukuniumbua pale pale?"

"Nikuumbue mbele ya mwanao? Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Kisha mtoto akapiga goti. Nikajiuliza, ni mtoto wa namna gani huyu? Huyo nikamtaka karibu yangu." Akaniambia, "Mimi nimekusamehe, sina la ziada. Lakini mwenye kudai zaidi si mimi. Mwombe radhi mwanao."

Nikamwahidi. Nilisema, kabla ya Ramadhani kwisha.

Kwa hiyo, mwanangu, siku zote ulizodhani Bi Zuhura anakuona mharibifu aliyesamehewa, hakuwahi kukuona hivyo hata siku moja. Ile haikuwa adhabu. Alikuwa anakufundisha vidole kumi, bila kutazama, na alikwambia ni adhabu ili mimi nipate muda wa kuwa mwanaume. Najua uliibeba ile. Najua ulikuwa ukifuta meza yake mara mbili mbili. Leo uiweke chini.

Na baiskeli yangu haikuibiwa. Ulilia sana kwa ajili ya ile baiskeli, ukazunguka na wenzako kuitafuta mpaka Mjimwema kote. Niliiuza nipate fedha za kipuri cha laptopu. Nilimwandikia wakala wa Dar barua kwa jina langu kamili, nikaeleza nilichofanya, chuma kinene na yote. Fundi wao, kijana tu kwa hati yake, akanijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili. Akaandika kwamba kilichoungua mwanzo kilikuwa kidogo sana, garantii ingekilipia bila swali, na kwamba sehemu niliyoichoma mimi ndiyo inayotakiwa kuagizwa nzima. Ikaagizwa. Tukashona gunia lingine. Safari hiyo nilishona kwa mikono miwili na sikugusa kitu kingine, Mungu shahidi. Niliketi nikawaacha wenye kazi yao wafanye. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya hapa mezani. Ilipowaka, Bi Zuhura alipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

Nikawa nimelipa kwake. Kwako sikulipa. Ramadhani ile ikaisha, na nyingine. Kila Idi alipotuletea sahani ya pilau alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia?" Nami, "Bado." Mwaka wa tano akaacha kuuliza. Nilidhani nitapata nafuu akiacha. Wapi!

Unakumbuka ukiwa kidato cha pili, ulipovunja kioo cha kabati la mama yako ukasema ni paka? Nilisimama katikati ya sebule nikapaza sauti, "Nyumba hii sitaki mwongo!" Ulikuwa umekuwa mkubwa, kimo chako kinanifika bega, na mdomo unao, tena mkali. Ukafungua mdomo. Niliona neno limefika kwenye meno. Nikasubiri linipate. Ukafunga mdomo, ukasema, "Samahani, baba," ukaenda kuosha vyombo. Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa choo, nikalia kama mtoto mdogo.

Ungekuwa na haki ya kuniangusha siku ile na hukunitupia hata nusu ya neno. Sijui ulilipata wapi hilo. Kwangu hukulipata, na mama yako, sote tunajua, hawezi kuweka neno mpaka jioni.

Yeye nimemwambia Ijumaa, baada ya Bi Zuhura kuondoka. Hakunisemesha mpaka jana mchana. Kisha akaja na karatasi hizi na kalamu akaziweka kwenye sahani yangu, mahali pa ugali.

Utasema, mbona huniambii kwa mdomo? Nimejaribu. Jana asubuhi tulipokuwa tunafunga sanduku lako kwa kamba, ulikaa juu yake ili lifunge, ukacheka, ukaniambia, "Baba, vuta, ndiwe fundi wa kufunga." Nilikuwa na sentensi ya kwanza ulimini. Nikavuta kamba. Ndivyo nilivyo, ninaweza kusema mambo elfu moja isipokuwa lile moja. Na wewe una chembe ya ugonjwa huu, usibishe. Ukikwama jambo huwa unasema "niko sawa" huku unafuta mahali palipokwisha kuwa safi. Huko uendako watakuletea vyombo vya watu, na ndani ya kila chombo kutakuwa na korosho za baba wa mtu. Usione aibu kusema hiki sikijui. Mimi nilijifunza neno hilo nikiwa na miaka thelathini na nane, na tangu siku hiyo wateja wangu wameongezeka, sijui kwa nini. Siku hizi nikishindwa chombo naandika ndani: *Fundi Osmundi, nimejaribu, nimeshindwa.* Bruda hakutuambia tuandike hivyo. Nadhani alidhani tutajua.

Basi nakuomba radhi, Skolastika. Nilikusingizia. Nilikuacha upige goti kwa kosa langu, nikajificha chini ya meza, na nikakaa huko miaka tisa. Sina kisingizio cha kuongezea hapo.

Na nakushukuru. Hili nataka ulisikie kuliko lile la kwanza. Watu husema wazazi ndio wanaowalea watoto. Nyumba hii umenilea wewe, kwa kukaa kimya kwako na yale maji ya kunawa. Nikimwambia mteja ukweli leo, ni kwa sababu niliwahi kuona mtu wa miaka kumi na moja akibeba kitu kizito bila kunung'unika, nikaona haya. Namshukuru Bi Zuhura aliyejua na akakaa na siri. Namshukuru baba yake Mzee wa Namasakata, na korosho zake. Hata yule wa kiwandani na wino wake mwekundu namshukuru, angepita tu bila kulizungushia jina, sijui leo ningekuwa mtu gani.

Kesho hiyo laptopu itakwenda Dar kwa mara ya tatu. Safari hii haina gunia, itakaa mapajani mwako.

Leo asubuhi kabla ya misa nimeifungua. Usishtuke, garantii ilikufa zamani, na mwenyewe amenipa ruhusa kwa mdomo wake. Jina langu bado lipo, na duara lake halijafifia. Chini yake nimeandika, kwa kalamu ile ile na hati ile ile: *Hili niliandika mimi, Osmundi, kwa mkono wangu. Mwanangu Skolastika hakufungua wala hakuharibu. Alinishikia tochi.* Nikaweka na tarehe ya leo.

Nimerudisha skrubu zote isipokuwa moja, ile iliyokuwa na stika. Imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa kipande cha gazeti, angalia isidondoke. Ukifika, ukishapumzika, fungua ujisomee mwenyewe. Chini ya maneno yangu pana nafasi. Ukiwa na neno kwangu, zuri au baya, liandike hapo, nitalisoma ukirudi likizo. Ukikosa neno, weka jina lako na tarehe, kama fundi. Kisha ukaze ile skrubu ya mwisho wewe.

Nasikia sauti yako nje, unamsalimia Bi Zuhura. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani. Barua hii sitaificha mfukoni mwa laptopu kama nilivyopanga. Ninafungua mlango nikupe mkononi.

Asante kwa tochi, mwanangu.

Baba yako,
Osmundi